Hedifoni za Kuziba, na Mzee Niliyempita Njiani

Mtu akija dukani akakuuliza hedifoni ipi ni nzuri, usimjibu haraka. Muulize kwanza anakwenda kazini kwa njia gani, kwa miguu, kwa baiskeli au kwa gari. Halafu muulize anapenda kusikiliza nini. Halafu muulize, huko njiani, ni nani anayemsalimu. Nyie vijana wa dukani mlikuwa mnacheka mkinisikia, mnasema mzee anawahoji wateja kama polisi. Sasa nimestaafu, vidole vinatetemeka na bisibisi ndogo siioni tena, mkaniomba niwaandikie niliyojifunza. Haya, naandika. Lakini lile swali la tatu lina habari yake, na sikuwahi kuwasimulia kwa sababu naona aibu. Mpaka leo naiona.

Kazi nilifundishwa na Mzee Ambakisye. Ninyi hamkumkuta. Alikuwa fundi redio mwenye meza yake barazani karibu na soko la Kyela, meza ya mninga iliyochomwa na pasi ya kulehemu mpaka ikawa na madoa kama ndizi iliyoiva. Nilifika kwake nikiwa na miaka ishirini na mbili, nimeshashindwa kulima na kuvua, na baba yangu alikuwa amekata tamaa na mimi. Siku ya kwanza nilidhani atanipa pasi mkononi. Akanipa kigoda. Akasema nikae, nisiguse kitu, nisikilize.

Nilikaa hivyo masika yote. Mteja akileta redio, Mzee haifungui. Anaiwasha, anainamisha kichwa, anasikiliza. Kisha ananiuliza mimi ina ugonjwa gani. Nikisema spika imechanika, ananiambia nisikilize tena. Nikisema sijui, anafurahi kidogo. Baadaye nikaanza kutofautisha mkwaruzo wa kitasa chenye vumbi na mkwaruzo wa waya uliokatika nusu, mvumo wa betri iliyochoka na mvumo wa kitu kilichoungua. Wakati ule vipuri hakuna. Tulichinja redio moja kuponya nyingine mbili, na betri za wateja tulizianika juani juu ya bati ili ziseme siku mbili zaidi. Ukifungua redio bila sababu unaweza kuvunja kitu ambacho hutakipata tena mpaka Mbeya, na Mbeya kwenyewe nako hakuna.

Alikuwa mtu wa maneno machache na utani mkavu. Mama mmoja wa Mwaya aliwahi kumletea redio iliyojaa mende, akamwambia haisemi tangu juzi. Mzee akaifungua, akatazama, akamjibu kwamba inasema sana, ila kwa lugha ya wenyewe. Mkewe, Mama Tupokigwe, alituletea chakula cha mchana, na sahani yangu ilikuwa sawa na ya mumewe. Sikuwa ndugu yao. Miaka saba nilikula pale.

Kisha zikaja enzi za ruksa. Maduka yaliyokuwa na sabuni ya kupangiwa foleni yakajaa vitu mpaka nje. Bidhaa zilipanda kutoka Dar es Salaam, nyingine zilivuka mpaka kutoka Malawi, na redio mpya ikawa rahisi kuipata kuliko kipuri cha redio ya zamani. Bwana Salumu, mfanyabiashara mwenye asili ya Kilwa aliyekuja Kyela na kuoa hukuhuku, alifungua duka la redio, kaseti na saa. Akanitaka nikamuuzie, kwa sababu mteja humwamini muuzaji anayejua kilichomo ndani. Mzee Ambakisye hakunizuia. Aliniambia tu kwamba duka ni duka na ufundi ni ufundi, nisije nikasahau nilikoanzia. Nikamwambia siwezi kusahau, na wakati huo nilikuwa nasema kweli.

Sasa niseme nilichomkosea, kwa sababu bila hicho hamtaelewa yanayofuata.

Macho ya Mzee yalianza kufifia. Mtoto wa jicho, baadaye tukajua. Siku moja mteja aliingia dukani kwa Bwana Salumu na redio aliyotoka kuitengeneza Mzee, inaunguruma. Niliifungua nikaona amelehemu pabaya, ameunganisha njia mbili zisizokutana. Kosa la mtu asiyeona vizuri, si la mtu asiyejua. Ningeweza kulirekebisha kwa dakika tano nikanyamaza. Lakini duka lilikuwa limejaa watu, nami nilikuwa na shati jipya, nikajisikia mtaalamu. Nikasema kwa sauti, "Mzee haoni tena. Atawaunguzia redio zenu." Yule mteja akanunua redio mpya papo hapo, na Bwana Salumu akanipiga makofi ya pongezi begani.

Kyela ni ndogo. Maneno yale yalifika sokoni kabla ya kahawa ya jioni. Haikupita misimu miwili ya mpunga, meza ya Mzee ikawa haina mteja, akaihamishia nyumbani kwake Makwale, kwenye migomba na kakao. Hakuja kunigombeza. Hakumtuma mtu. Nikiuliza habari zake naambiwa yupo, mzima, amekaa. Nikasema nitakwenda Jumapili. Kila Jumapili nilikuwa na udhuru, na nyuma ya udhuru wote huo kulikuwa na woga tu.

Kwetu jambo kama hilo lina njia yake. Radhi haiombwi kwa zawadi, wala kwa barua, wala kwa kumtuma shangazi. Unakwenda mwenyewe, unalitaja kosa kwa mdomo wako, aliyekosewa akiwa anakusikia, naye anajibu. Usipolisema, linabaki kwake na kwako pia, hata mkicheka pamoja. Nililijua hilo tangu utotoni.

Miaka hiyohiyo ndipo zilipoingia redio kaseti za kuning'iniza kiunoni, na pamoja nazo hedifoni. Za kwanza zilikuwa nyepesi, waya mwembamba kichwani na sponji mbili nyeusi. Zile ni za wazi: unasikia muziki, na unasikia kuku, na aliye jirani yako anasikia muziki wako wote bila kuomba. Baadaye zikaja zenye vikombe vilivyozibwa nyuma, zinazolifunika sikio. Hizo ndizo watu waliziita za kuziba. Vijana wa kununua kakao walizipenda hata kabla hawajawa na kaseti. Mmoja alizivaa wiki tatu, jeki ya ncha ya waya ikiwa mfukoni haikuchomekwa popote, na ukimwita anachelewa kidogo kugeuka ili uone kwamba alikuwa anasikiliza.

Bwana Salumu alileta aina nyingi, mbaya na nzuri zikiwa katika boksi moja, na kazi ya kuzichambua ilikuwa yangu. Niliyoyajua ni haya, nanyi myatumie. Usijaribu hedifoni kwa muziki kwanza. Jaribu kwa mtu anayesoma habari. Sauti ya mtu unaijua tangu tumboni, ikipotoshwa utagundua, lakini ngoma na gitaa vitakudanganya. Muziki ufuate baadaye, kwa sauti ya chini, kwa sababu hedifoni mbovu zote ni nzuri ukizipandisha. Uvae dakika ishirini, si mbili. Zinazobana vizuri dukani ndizo zinazokuumiza kichwa ukifika Ipinda. Mwenye miwani avae na miwani yake, mwenye kilemba na kilemba chake. Nimeona mwalimu amenunua akiwa amevua miwani, kesho yake amerudi nazo amenuna.

Ukanda wa juu uupinde mara kumi mbele ya mteja. Ukilia, ataurudisha umevunjika. Waya hukatika sehemu mbili, penye jeki na pale unapoingia kwenye kikombe. Uchezeshe hapo huku muziki ukiendelea, ukikatakata, weka pembeni. Vifuniko vya sikio vya ngozi ya bandia vinapendeza, ila joto letu hili na jasho lake huvibambua katika mwaka mmoja, kwa hiyo uliza kama vinabandulika na kubadilishwa. Na zikunjike ziingie mfukoni au kwenye mkoba, la sivyo mtu ataziacha nyumbani, na hedifoni ya kuachwa nyumbani haina faida njiani.

Halafu ni mtu mwenyewe. Kulikuwa na nesi aliyehamishiwa kwetu kutoka Singida, akipanda pikapu kila asubuhi kwenda zahanati upande wa Mwaya. Dereva alipiga kaseti moja tu, mwaka mzima. Huyo nilimpa za kuziba bila kuuliza sana, akanishukuru kwa Kinyakyusa chake kibovu, ndaga fijo, asante sana, akilitamka vibaya mpaka Bwana Salumu wa Kilwa akamsahihisha. Lakini mwendesha baiskeli nilimpa za sponji hata kama ana hela ya nyingine. Bwana Salumu alilalamika kwamba namfukuzia biashara. Nikamwambia maiti hanunui kaseti.

Kipimo changu kikubwa cha hedifoni za kuziba kilikuwa mashine ya kukoboa mpunga ya Anyitike. Nilikuwa naishi Ndandalo, nakwenda dukani kwa miguu, na mashine hiyo ilikuwa pembeni mwa barabara. Injini yake ya dizeli ilinguruma tangu alfajiri. Watu waliokuwa wakisubiri zamu barazani walisemezana kwa mikono. Kwa hiyo zikija hedifoni mpya, nilizivaa kutoka nyumbani, nikaweka kaseti kwa sauti ya kawaida, nikapita pale nikiangalia chini na kusikiliza kwa makini. Nikiisikia injini waziwazi, hedifoni hizo ni za kuziba kwa jina tu. Nikiisikia kwa mbali, nzuri. Nilikuwa najivunia sana kipimo hicho. Hata kwa Mzee sikufundishwa, nilikibuni mwenyewe.

Asubuhi moja nilipita na hedifoni za aina iliyofika jana yake, nyeusi, nzito kidogo. Nikaikaribia mashine. Sikusikia kitu. Nikafika usawa wake, kimya. Nikaipita, kimya kabisa, kaseti inaimba safi kana kwamba nimekaa sebuleni. Nilifurahi mpaka nikatabasamu peke yangu njiani. Nilifika dukani nikamwambia Bwana Salumu aagize boksi zima, kwani tangu nianze kazi hii sijaona za kuziba kama hizi.

Mchana Anyitike akaja kununua betri. Sikungoja hata aniambie anataka ngapi. Nikamwambia leo nimepata hedifoni, kaka, nimepita kwako na mashine yako sikuisikia hata chembe.

"Mashine leo haikuwaka," Anyitike akasema. "Dizeli haijafika. Tulikuwa tumekaa pale kimya, watu zaidi ya ishirini, na Mzee Ambakisye amesimama katikati yetu."

Nilidhani ananitania. Akaniambia yote. Mzee alikuwa amefika na mtu wa Makwale aliyeleta mpunga. Aliposikia kwamba mimi hupita hapo kila asubuhi, akaomba aelekezwe mpaka ukingoni mwa barabara, na aambiwe nikikaribia, maana haoni. Walipomwambia huyo anakuja, akavua kofia. Akaniita kwa jina, akanisalimu. "Ugonile, Lusajo." Nikapita. Akageukia upande nilikokuwa naelekea akaita tena, kwa sauti kubwa zaidi. "Lusajo, ugonile." Nikazidi kwenda. Yeye haoni, lakini wale wengine waliona, na waliniona ninatabasamu.

Ninyi mliozaliwa juzi mnasalimiana vyovyote, atakayeanza aanze. Kwetu wakati ule mdogo ndiye huanza kumsalimu mkubwa, na akikosea anatafuta pa kujificha. Mkubwa uliyemkosea akikuanza yeye salamu, mbele za watu, amekufungulia mlango kwa mkono wake. Kilichobaki ni wewe kuingia. Mzee alikuwa ametoka Makwale, haoni njia, akanifungulia mlango huo mara mbili, nami nikapita nikicheka na kaseti.

Nilimuuliza Anyitike kama aliona nina hedifoni masikioni. Akasema waliona, na wengine walimwambia Mzee hivyo. Mzee akawajibu kwamba amezijua hedifoni kabla sijazaliwa, amezitengeneza kwa mikono yake, na mtu aliyevaa hedifoni akiitwa anasikia. Alikuwa na haki. Zote alizowahi kuzigusa zilikuwa za wazi. Akavaa kofia yake akaomba arudishwe kwenye magunia.

Jioni ile nilipaswa kwenda Makwale mbiombio. Sikwenda. Nilijiambia nitakwenda na maneno yaliyopangwa vizuri. Mvua zikaanza, na mvua za Kyela mnazijua, barabara ikawa tope la kumeza baiskeli. Hilo nalo lilikuwa udhuru mzuri, maana wenye mpunga walipita kila siku. Nilikwenda mvua zilipopungua, miezi mitatu baadaye, nikiwa na zile hedifoni nyeusi na redio kaseti kwenye mfuko wa plastiki.

Nilimkuta amekaa nje ya nyumba yake, nywele zimekuwa nyeupe zote. Nilipopiga hodi tu alinijua kwa sauti. Akaniitikia salamu vizuri, akaniuliza habari za watoto, za Ndandalo, za Bwana Salumu. Mama Tupokigwe akatoka akanisalimu, akaniwekea kigoda, Mzee akamnong'oneza jambo, akarudi ndani. Mikono ya Mzee ilikuwa juu ya magoti. Nilijua ananisubiri.

Sasa tazama ujinga wa mtu. Nilikuwa na mawili ya kusema, kubwa na dogo. Kubwa ni lile la dukani, la kumwambia kila mtu kwamba haoni. Dogo ni la salamu ya barabarani. Nikaanza na dogo kwa sababu lilikuwa jepesi, na kwa sababu nilikuwa na ushahidi kwenye mfuko. Nikamweleza kwamba siku ile kwa Anyitike sikumsikia, zimekuja hedifoni za namna nyingine, zinaziba. Akatikisa kichwa kwamba hakuna kitu kama hicho. Nikamwekea mikononi.

Ufundi haufi kwa macho. Alizipapasa pole pole, akafuata ukanda, akabonyeza vifuniko, akazungusha kidole nyuma ya kikombe akitafuta matundu. Hakuyapata. Akakigonga kwa ukucha, akasikiliza, akasema wamefunga kweli huku nyuma. Uso wake ulichangamka kama zamani, na kwa kitambo kidogo tulikuwa tena mezani sokoni. Nikamwambia azivae, nitaweka kwaya, kisha nitamwita, aone mwenyewe.

Akazivaa. Nikawasha. Nikamwona amepata sauti, kidole chake kikaanza kupiga gotini. Nikasema, "Ugonile, tata." Kwetu tata ni baba, na ndivyo nilivyomwita miaka yote. Hakugeuka. Nikasema tena kwa nguvu. Hakugeuka. Alikuwa na kwaya yake.

Na pale, nikiwa nimekaa hatua moja kutoka kwake, hanioni na hanisikii, mdomo wangu ukafunguka. Sikuwa nimepanga. Nikamwambia nilimdhalilisha mbele za watu ili nionekane mimi. Nikamwambia lile lilikuwa kosa la dakika tano, nami nikaliuza kwa makofi ya begani. Kwamba wateja wake niliwafukuza mimi, si macho yake. Kwamba nilikula kwake miaka saba. Nikamwambia anisamehe. Nilisema kila kitu, vizuri, kwa utaratibu, machozi yananitoka, na yeye anapiga kidole gotini akifuata kwaya.

Wimbo ulipoisha akazivua. Mimi nilikuwa nimeshafuta uso.

"Kweli, zinaziba," akasema. "Uliniita?"

"Nilikuita, tata. Mara mbili."

"Basi siku ile hukunisikia. Hilo limekwisha." Akazikunja hedifoni vizuri, akanirudishia. Kisha akakaa vilevile, mikono magotini, uso ameuelekeza kwangu. Akangoja. Mwishowe akauliza, "Una lingine?"

Nimejiuliza miaka yote ni nini kilinishika. Nadhani nilikuwa nimechoka, kama mtu aliyetua mzigo halafu anaambiwa aupandishe tena kichwani. Nilijidanganya kwamba nimeshasema. Kifua kilikuwa chepesi, na wepesi ule niliuona ni msamaha, kumbe ni wangu peke yangu, yeye hakuhusika. Nikajibu, "Hapana, tata. Ni hilo tu."

Akatikisa kichwa taratibu. Akainuka, akanishika mkono, akanisindikiza mpaka kwenye barabara akipapasa kwa fimbo, akiniambia kuhusu hedifoni zile, kwamba ni nzuri lakini vifuniko vya sikio havitadumu kwa jasho la huku. Hakukosea. Tulipoagana aliniambia niuze, ila niwe nawaambia wanunuzi wanachokiacha nje wanapozivaa. Nami nimewaambia. Ndiyo sababu ya lile swali la tatu.

Niliahidi moyoni kurudi. Nilikuwa hata na siku niliyoichagua, baada ya mavuno. Mpunga ulikuwa bado haujapinda masuke, Anyitike akaja dukani asubuhi, hakununua kitu, akaniambia Mzee Ambakisye amefariki.

Nilichimba kaburi na wengine. Nilibeba jeneza. Watu walinipa nafasi mbele kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi wake, na mtu mmoja akanisifu kwamba mimi ndimi tunda la mikono yake. Nililia mpaka wakanishika, na hakuna aliyeshangaa, walidhani ni uchungu wa mwana aliyefiwa na baba. Ulikuwa uchungu wa mwana, ndiyo, ila ulikuwa na mwenzake.

Siku ya tatu, watu walipopungua, Mama Tupokigwe aliniita ndani. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, sauti imemkauka. Nikapiga magoti. Nilidhani anataka kunipa kitu cha marehemu, pasi yake au mita ya kupimia umeme. Nikaona nimtangulie, nikaanza kumwambia kwamba kuna jambo ambalo Mzee aliondoka bila kulisikia kutoka kwangu. Akanizuia kwa mkono.

Akaniambia kwamba siku ile nilipopiga hodi, Mzee alimwambia ateke maji safi aweke kwenye kikombe, asimame nayo karibu na mlango. Alisema leo Lusajo amekuja kusema, akishasema mimi nitakunywa na kumpulizia matone ya radhi, jambo liishe. Basi yeye akasimama nyuma ya mlango na kikombe. Aliniona nampa mumewe vile vitu vya masikioni, naye akavivaa. Na alinisikia, tangu neno la kwanza hadi la mwisho.

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia. Akasema yale hayakuwa maneno yake kuyapeleka, na kwamba alijua nitayarudia, maana mtu haombi radhi kwa aliyezibwa masikio.

"Nikangoja azivue," akasema. "Akazivua. Nikangoja akuulize. Akakuuliza, mwanangu, nami kikombe kiko mkononi. Ukasema hapana."